Mnara wa Tattershall: Nyumba Iliyovaa Sare ya Ngome

Upande wa mashariki wa Uingereza, katika jimbo la Lincolnshire, nchi ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Hakuna mlima wala kilima cha maana, na kitu cho chote kirefu huonekana kutoka mbali sana. Msafiri aijiaye nchi hiyo huona mnara mwekundu umesimama peke yake juu ya mashamba, una vinara katika pembe zake nne, na juu kabisa ukuta wake umechongwa meno kama ya boma la vita. Huo ni mnara wa Tattershall. Umejengwa kwa matofali ya kuchoma, umepita urefu wa mita 30, na umekwisha kutimiza zaidi ya miaka 550.

Askari akiutazama kutoka mbali atauheshimu. Chini ya meno yale ya ukuta ataona ushoroba wa mawe uliotokeza nje, wenye matundu sakafuni, ambayo kwayo walinzi wangeweza kuwaangushia mawe maadui waliofika chini. Ataona handaki la maji likiuzunguka, na handaki la pili nje ya lile la kwanza. Lakini akisogea karibu, hapana budi ataanza kujiuliza maswali. Madirisha yake ni makubwa kama ya kanisa, tena yamejaa upande wa nje, unaotazamana na adui badala ya kutazama ua wa ndani. Na milango je? Ngome za kale za namna hii aghalabu zilikuwa na mlango mmoja mwembamba, tena uliowekwa juu, ili ngazi ikiondolewa pasiwe na njia ya kuingilia. Tattershall ina milango mitatu, na yote iko chini usawa wa ardhi, kama milango ya nyumba ya mtu asiyemwogopa mgeni.

Kwa nini basi mtu ajenge boma lenye silaha kichwani na madirisha wazi kifuani? Jibu lake liko katika maisha ya mwenyewe aliyelijenga, na katika tofali.

Mwenyewe alikuwa Ralph Cromwell, bwana wa eneo hilo. Msomaji asimchanganye na Oliver Cromwell, yule aliyempindua mfalme miaka 200 baadaye. Ralph alikuwa mtu wa mfalme. Katika ujana wake alitumika Ufaransa katika vita vya Mfalme Henry wa Tano, na alikuwamo katika mazungumzo yaliyozaa mkataba wa Troyes mwaka 1420. Aliporudi kwao alipanda vyeo hadi mwaka 1433 akafanywa Mweka Hazina Mkuu wa ufalme, kazi aliyoishika miaka kumi. Hazina aliikuta karibu tupu kwa ajili ya vita, naye akapata sifa ya kuwa msimamizi mkali wa mahesabu. Mfuko wa fedha ndio uliokuwa alama ya cheo chake, na wakati huo huo ndipo alipoanza kujenga.

Mahali penyewe palikuwa na boma la mawe tangu mwaka 1231. Cromwell hakulibomoa lote, bali aliongeza mnara wake pembeni, akauunganisha na majengo ya zamani. Wakati huo huo, hatua chache tu kutoka mnarani, alianzisha kanisa kubwa, nalo likajengwa kwa mawe. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba tofali ni kimbilio la aliyekosa mawe. Cromwell angaliweza kujenga mnara wake kwa mawe kama kanisa. Alichagua tofali kwa hiari yake.

Sababu ni kwamba tofali siku hizo lilikuwa ndiyo fahari mpya. Warumi walipoitawala Uingereza walichoma matofali kwa wingi. Baada ya utawala wao kwisha mwanzoni mwa karne ya tano, kazi hiyo ilisahauliwa kabisa, na kwa miaka mamia watu waliokota tu matofali ya Warumi kutoka katika magofu na kuyajengea tena, kama yaonekanavyo hata leo katika kanisa kuu la St Albans. Ufundi ulirudi kutoka ng'ambo ya bahari, katika nchi za Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, ambako udongo ni mwingi na mawe ni haba. Bandari za mashariki ya Uingereza zilifanya biashara na watu hao, na pamoja na bidhaa ukaja ufundi. Watu wakubwa waliotumwa Ulaya kwa vita au kwa ujumbe waliona majumba ya matofali, wakarudi na tamaa ya kuwa nayo.

Hati za matumizi ya ujenzi wa Tattershall zimesalia kwa sehemu, na ndani yake limo jina la mtengenezaji wa matofali: Baldwin, aliyeitwa Mdachi. Kwa Waingereza wa wakati ule neno hilo lilimhusu mtu wa Uholanzi au wa Ujerumani pasipo kubagua, nasi tunaokumbuka jinsi wazee wa pwani walivyowaita Wajerumani Wadachi hatuna haki ya kuwacheka. Basi mgeni huyu ndiye aliyesimamia matanuri yaliyotoa matofali mamia ya elfu kwa ajili ya bwana wa Kiingereza.

Namna ya kufanya kazi yenyewe haitawashangaza wasomaji wetu ambao vijijini kwao watu huchoma matofali, isipokuwa kwamba majira ya Ulaya yalikuwa na sehemu yake. Udongo ulichimbwa kabla ya baridi kuingia, ukaachwa nje ukirundikwa, ili barafu ya majira ya baridi iupasue mabonge yake na kuulainisha. Baridi ikiisha, udongo ulikanyagwa kwa maji, mawe yakaondolewa, ukatiwa katika vibao vya kufyatulia, kisha matofali yakapangwa chini ya kivuli yakauke polepole. Tofali likiingizwa tanurini na unyevu ndani yake hupasuka, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutafuta njia ya kutoka. Yalipokauka yalipangwa tanurini yakiachiwa nafasi za moto kupita, yakachomwa kwa siku kadhaa, yakaachwa yapoe taratibu. Rangi nyekundu hutokana na madini ya chuma yaliyomo katika udongo, ambayo yakipata moto na hewa ya kutosha huwa mekundu kama kutu.

Matofali yaliyokaa karibu mno na moto hayakuwa mekundu. Yaliungua zaidi, uso wake ukayeyuka kidogo na kuwa mweusi wenye kung'aa kama kioo. Mwashi asiye na akili angeyatupa. Waashi wa zama zile waliyatenga, kisha wakayachomeka ukutani vichwa vikitazama nje, moja hapa na moja pale kwa kipimo, hata ukuta mwekundu ukapata michoro ya almasi nyeusi kama nakshi za mkeka. Michoro ya namna hiyo imo katika kuta za Tattershall, na baadaye ikawa desturi katika majumba mengi ya matofali ya Uingereza. Mimi naona hili ni jambo la kupendeza kuliko meno yote ya ukuta wa juu: pambo lililotokana na mabaki ya tanuri.

Matofali hayo yalikuwa membamba kuliko yetu ya leo, unene wake kama sentimita 5 tu, na hayakulingana sawasawa, kwa sababu yalifyatuliwa kwa mkono. Kwa hiyo mwashi alihitaji chokaa nyingi katikati ya safu ili ukuta ukae sawa. Chokaa ni laini kuliko saruji, hivyo jengo likititia kidogo katika udongo, ukuta huweza kujinyosha pasipo kupasuka. Jengo refu hivyo, katika nchi yenye ardhi ya majimaji, limesimama wima hadi leo. Pale ambapo tofali halikufaa, yaani mbavu za madirisha, vishikio vya ushoroba wa juu, na meko, mafundi walitumia mawe meupe ya chokaa, na weupe wake juu ya wekundu ule ndio unaoupa mnara sura yake.

Tuingie ndani sasa. Mama mwenye nyumba atauliza mara moja, jiko liko wapi? Halimo. Chakula kilipikwa katika majengo ya uani, kikaletwa mnarani, na bila shaka kilipofika ghorofa za juu kilikuwa kimepoa. Huu ni ushahidi mwingine kwamba mnara haukukusudiwa kuwa kimbilio la kuhimili kuzingirwa, maana kikosi kilichozingirwa hakiwezi kutoka uani kwenda kupika.

Mpango wa mnara ni mwepesi kuelezwa. Chini kabisa mna ghala. Juu yake zimepandana ghorofa nne, na kila ghorofa ina chumba kimoja kikubwa, ilhali vyumba vidogo, vyoo na vijichumba vya faragha vimefichwa ndani ya unene wa kuta na katika vinara vya pembeni. Kadiri mtu alivyopanda ndivyo alivyomkaribia bwana mwenyewe, na kwa hiyo ndivyo watu walivyopungua. Chumba cha chini kilikuwa sebule, ambako wapangaji wa mashamba na wenye shida ndogo ndogo walipokelewa. Hao waliingia kwa mlango wao na kutoka kwa mlango huo huo, wasijue kilichoko juu. Ghorofa iliyofuata ilikuwa ukumbi wa karamu. Ya tatu ilikuwa chumba cha kupokelea wageni wa heshima. Ya nne ilikuwa chumba cha kulala cha bwana na mkewe, na juu yake paa.

Wageni wakubwa walipewa mlango wao, ulioelekea moja kwa moja kwenye ngazi. Ngazi hiyo ina vidato kama 150, inazunguka ndani ya kinara cha pembeni. Katika ngome za vita ngazi za namna hii zilikuwa finyu na zenye giza ili mtu mmoja mwenye upanga aweze kuwazuia wengi. Hii ni pana, ina madirisha, na kipande cha kushikia mkono kimechongwa kwa jiwe ndani ya ukuta wenyewe, kikipanda pamoja na ngazi toka chini hadi juu, laini kama kilichosuguliwa kwa msasa. Mtu aliyejenga kwa kuwahofia maadui asingaliwachongea mahali pa kushika.

Mgeni akifika ghorofa ya tatu hakuingia chumbani mara moja. Alipitishwa kwanza katika ushoroba mrefu ndani ya ukuta, dari yake ikiwa ya matao ya matofali yaliyochongwa na kupishana kwa ustadi mkubwa. Katika matao haya fundi wa matofali alionyesha kwamba chombo chake chaweza kufanya yote ambayo watu walidhani ni kazi ya jiwe tu. Mgeni alitembea, akangoja, akatazama juu, na alipofunguliwa mlango alikuwa amekwisha kuwa mdogo.

Ndani ya chumba hicho, na katika kila chumba kikubwa, kitu cha kwanza kilichomkabili kilikuwa meko ya mawe. Ni mikubwa, imejengewa ukutani, na dohani zake zimepita ndani ya kuta hadi paani. Juu ya kila meko imechongwa safu ya ngao za ukoo wa Cromwell na koo alizooana nazo, ili mgeni asome nasaba ya mwenyeji huku akiota moto. Katikati ya ngao imechongwa mifuko ya fedha, ile alama ya Mweka Hazina. Na pamoja na mifuko imo kauli yake kwa Kifaransa cha wakati huo, ambayo maana yake ni: Je, sina haki?

Swali hilo lilielekezwa kwa watu waliokuwapo kweli. Huenda msomaji akadhani ya kuwa mtu aliyejenga madirisha makubwa namna ile hakuwa na adui. Alikuwa nao wengi. Mmoja alikuwa jirani yake, William Tailboys wa South Kyme, mtu mwenye kesi za jinai nyuma yake na magenge ya wafuasi wakali. Mwezi wa Novemba mwaka 1449 Tailboys na watu wake walijaribu kumwua Cromwell, tena si vichochoroni bali Westminster, penye makao ya serikali. Cromwell alipona, naye hakwenda kujifungia katika mnara wake wala kukusanya watu kulipiza kisasi. Alikwenda mahakamani, akashinda, akaamriwa kulipwa fidia kubwa. Tailboys aliishia vibaya: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata alikamatwa amejificha katika shimo la makaa ya mawe, akakatwa kichwa mwaka 1464.

Mkasa wa pili ulitokana na arusi. Cromwell na mkewe Margaret hawakujaliwa watoto, na warithi wao walikuwa wapwa wawili wa kike. Mmoja wao, Maud Stanhope, aliyekuwa mjane, aliolewa mwezi wa Agosti mwaka 1453 na Thomas Neville, kijana wa ukoo mkubwa wa kaskazini. Arusi ilifanyika Tattershall. Lakini Cromwell alikuwa akimiliki mashamba yaliyokuwa zamani ya ukoo wa Percy, mahasimu wa akina Neville, na kwa arusi hii Wapercy waliona urithi wao ukienda moja kwa moja mikononi mwa adui. Msafara wa maarusi uliporudi kaskazini, tarehe 24 Agosti, ulikuta njia imezibwa huko Heworth karibu na mji wa York, na mamia ya wafuasi wa Percy wenye silaha. Maarusi walipita salama, lakini ugomvi wa koo hizo mbili haukuzimika tena. Miaka miwili baadaye, huko St Albans, ukawa sehemu ya vita vya kugombea taji la Uingereza vilivyodumu kwa miongo mitatu.

Kwa hiyo wataalamu wa majengo wamekuwa wakibishana. Wengine wanasema ushoroba ule wa juu na mahandaki yalikuwa mapambo matupu. Wengine wanaona kwamba katika nchi yenye watu kama Tailboys, hata ulinzi wa nusu ulikuwa na kazi yake, kwani genge la watu thelathini si jeshi lenye mizinga. Mimi naelekea upande wa kwanza, ila siwakatai wa pili. Mahandaki na walinzi wachache mlangoni vingetosha kumrudisha jambazi. Dhidi ya jeshi la mfalme, madirisha yale yasingestahimili asubuhi moja.

Cromwell alikufa mwezi wa Januari mwaka 1456, akazikwa pamoja na mkewe katika kanisa alilolianzisha jirani. Baada yake mnara ulipita mikono mingi, ya wafalme, ya vipenzi vyao na ya mabwana wengine, hata ukawafikia wenyewe walioishi kwingine na wasiokuwa na haja nao. Majengo ya uani yalitoweka moja baada ya jingine. Mahandaki yalijaa takataka na majani. Sakafu za mbao zilioza zikaanguka, vioo vikaisha, na sebule ile waliyopokelewa wapangaji ikawa zizi la ng'ombe. Kuta hazikudhurika sana. Ukitazama juu kutoka zizini uliweza kuona meko, moja juu ya nyingine, zikining'inia ukutani pasipo sakafu mbele yake.

Mwaka 1910 mali hiyo iliuzwa. Walioinunua walijua kitu chenye thamani ni kipi. Meko zile zilinyofolewa ukutani, zikafungwa katika masanduku, zikapelekwa London zikingoja kuvushwa bahari hadi Marekani, ambako matajiri wa siku hizo walikuwa wakinunua vipande vya majumba ya Ulaya kupamba majumba yao. Uvumi ulienea kwamba mnara wenyewe utafuata, tofali kwa tofali. Sheria ya kulinda mambo ya kale ilikuwapo tangu mwaka 1882, lakini haikuwa na nguvu ya kumzuia mwenye mali kufanya apendavyo na mali yake. Magazeti yalipiga kelele, na kelele hazikuzuia kitu.

Aliyezuia alikuwa Lord Curzon. Huyu aliwahi kuwa mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, tangu mwaka 1899 hadi 1905. Utawala wake huko una mengi ya kulaumiwa, hasa kuligawa jimbo la Bengal, jambo lililowaudhi sana Wahindi. Lakini hata waliomchukia walikiri kwamba alijali majengo ya kale, likiwamo Taj Mahal. Mwaka 1911 aliununua mnara ukiwa na matundu manne mahali pa meko. Kisha akaanza kuzitafuta. Zilipatikana London, zingali masandukuni, akalipa tena ili zirudi, na mwaka 1912 zikarudishwa Tattershall kwa shangwe ya wenyeji.

Ukarabati ulidumu hadi mwaka 1914, chini ya msanifu William Weir. Mahandaki yalichimbwa upya na kujazwa maji, sakafu za mti wa mwaloni zikawekwa katika kila ghorofa, paa likafanywa jipya, madirisha yakatiwa vioo. Mwaka 1913 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya iliyoipa serikali uwezo wa kuzuia kubomolewa kwa majengo ya kale hata kama mwenyewe hataki, naye Curzon aliiunga mkono katika Baraza la Mabwana. Mkasa wa meko za Tattershall ulikuwa bado u moto vichwani mwa wabunge.

Curzon alipokufa mwaka 1925 aliuachia mnara huo chama kiitwacho National Trust, ambacho huutunza na kuufungulia wageni. Karibu yake, huko Coningsby, pana uwanja wa ndege za kivita uliofunguliwa mwaka 1940, na ndege zake hupita juu ya mashamba yale hadi leo. Mgeni apandaye vidato 150 hadi paani, akishika jiwe lile lile waliloshika wageni wa Cromwell, hufika kati ya meno ya ukuta na kuuona uwanja huo waziwazi. Akiteremka ataikuta ile meko ya sebuleni, mifuko yake ya fedha na swali lake la Kifaransa vikiwa mahali pake ukutani.